Tanga, Mji wa Kunyonga

Tanga haina mlima. Siku ambazo anga limetakata, Usambara huonekana kwa mbali upande wa magharibi, lakini mjini kwenyewe, kuanzia Raskazone ufukweni, kupita Chumbageni na Ngamiani hadi stendi ya mabasi ya Kange, hakuna mwinuko wa kumshusha mtu kwenye baiskeli akaanza kuisukuma. Hapo ndipo habari ya leo inapoanzia, msikilizaji. Miji mingi ya Tanzania ina baiskeli. Tanga ina watu wanaozinyonga kwenda kazini, sokoni, shuleni na msikitini, mwaka mzima, bila kuhamasishwa na mtu.

Ukubwa wa mji nao unawafaa. Sensa ya mwaka 2022 ilikuta jiji hili, lililopandishwa hadhi mwaka 2005, lina watu wanaokaribia 400,000. Wengi wao wanaishi, wanasoma na kuchuuza ndani ya kilometa 5 au 6. Mnyonga baiskeli wa kawaida, asiye na haraka na asiyeshindana na mtu, huenda kilometa 12 hadi 15 kwa saa. Kwa mwendo huo kilometa 4 ni safari ya dakika 20 au pungufu, kutoka mlango wa nyumba hadi mlango wa duka. Aliyetembea hadi kituoni, akasubiri daladala ijae, kisha akashuka na kutembea tena, hawezi kumcheka.

Na mitaa imenyooka. Ngamiani ilipimwa kwa mistari, barabara zikapewa namba badala ya majina: ya kwanza, ya pili, hivyo hivyo hadi kuvuka ya ishirini. Mwenye baiskeli akikuta barabara ya nane imezibwa na turubai la harusi au la msiba, anakata kona, anapita ya tisa, safari inaendelea. Mwenye gari anarudi kinyumenyume huku akipigiwa honi.

Alfajiri ndiyo saa ya kuwaona. Mchuuzi wa samaki ametoka mnada wa Deep Sea na tenga nyuma, maji yanadondoka njia nzima. Kijana wa mikate amefunga sanduku la mbao lenye mfuniko. Mwalimu amebana mkoba wa madaftari kwenye keria. Muuza maji ana madumu manne ya lita 20, yaani kilo 80, uzito wa mtu mzima aliyeshiba, na kuna wanaoongeza mawili juu. Hapo tena hapandi. Anasukuma ameinamia usukani, na mkono mmoja uko nyuma kushika mzigo usiyumbe. Ni kazi ya kukomaza mgongo, na asidanganywe mtu kwamba huo ni utalii.

Mfano ulio bora kuliko yote, kwa maoni ya mtayarishaji wa mazungumzo haya, ni maziwa. Kuanzia miaka ya 1980, mradi ulioungwa mkono na Uholanzi uliwasaidia wafugaji wadogo wa mkoa wa Tanga kufuga ng'ombe wa maziwa walioboreshwa, na katika nusu ya pili ya miaka ya 1990 kikazaliwa kiwanda cha Tanga Fresh, ambacho wafugaji hao wameingia kwa hisa kupitia ushirika wao. Sasa, maziwa ni mali isiyosubiri. Yakikamuliwa alfajiri, yanatakiwa yafike kwenye kituo cha kukusanyia, chenye tangi la kupoozea, kabla jua halijawa kali. Lori haliwezi kuingia kila kichochoro cha shamba kufuata lita 8 za mtu mmoja. Baiskeli inaingia. Chombo cha chuma kinafungwa kwenye keria kwa mpira uliokatwa kutoka kwenye tyubu kuukuu, unavutwa hadi unalia, unapigwa mizunguko mitatu. Kituoni maziwa yanatumbukizwa kipimo kinachoelea, kuona kama yametiwa maji, na kidogo yanachanganywa na spiriti, kuona kama yameanza kuharibika. Mfugaji aliyechelewa kwa sababu ya pancha anaweza kurudi nyumbani na maziwa yake yote. Kwa hiyo sehemu ya maziwa yanayonunuliwa dukani kwenye pakiti, yenye nembo na tarehe, ilianza safari yake kwa miguu au kwa pedeli.

Mashine zenyewe ni za kila aina. Wazee wanaikumbuka Swala, baiskeli iliyotengenezwa hapa nchini, na kabla yake Raleigh na Humber za Mwingereza. Zikaja Avon na Hero za Uhindi, Phoenix ya China: fremu nzito nyeusi, breki za fimbo, keria ya vyuma inayoweza kubeba gunia la mkaa bila kulalamika. Baiskeli hizo hazina giya na haziendi mbio, lakini pedeli ikivunjika, kuna nyingine kila duka la spea. Siku hizi kando yake zimesimama baiskeli za mtumba za Japani, nyepesi zaidi, zenye kikapu mbele, taa ya dinamo na kifuniko kizima cha mnyororo.

Kifuniko hicho kinastahili maneno mawili matatu. Pwani, mwanamke anavaa baibui, dera au kanga, na nguo ndefu ikiingia kwenye mnyororo inararuka na kumwangusha aliyevaa. Baiskeli nzito ya fremu ya juu ilikuwa ya kiume kwa sababu hiyo, si kwa sababu ya nguvu. Fremu ilimtaka mtu arushe mguu, na mnyororo ulikuwa wazi. Baiskeli ya mtumba ya Kijapani ina fremu iliyoinama, mnyororo umefunikwa, na zipo zenye kinga pembeni mwa gurudumu la nyuma. Iliundwa kwa ajili ya mama wa Kijapani anayekwenda dukani na kumpeleka mtoto chekechea, na mama wa mtaa wa Makorora ana safari hizo hizo. Tanga ni kati ya miji ya Tanzania ambako mwanamke kupita amenyonga baiskeli, na kikapu kimejaa mchicha, si kioja cha kugeuza watu shingo. Kuna miji mikubwa kuliko huu ambako bado watu wanageuka.

Tutazame kwa karibu mahali panapotegemewa na shughuli yote hii: kwa fundi. Hana jengo. Ana kivuli cha mwembe au mwarobaini, benchi, beseni la maji yaliyokuwa meusi tangu juzi, pampu ya kusimama, na sanduku la spana. Baiskeli inapinduliwa, usukani na kiti chini, magurudumu juu. Anachomoa tairi upande mmoja kwa vipande viwili vya chuma bapa, anavuta tyubu, anaijaza upepo, anaizamisha kwenye beseni kipande kwa kipande. Povu likitokea, anaweka kidole hapo hapo, anapakausha, anapasugua kwa msasa, anapaka solusheni. Kisha anangoja. Wateja wasiojua hudhani anapoteza muda. Solusheni ikibandikwa ingali mbichi kiraka kitabanduka kabla ya kufika mtaa wa Mabawa. Kikishashika, anakigonga kwa nyundo taratibu. Na kabla ya kurudisha tyubu anapitisha vidole ndani ya tairi zima, mzunguko mmoja, kutafuta mwiba au kioo kilichobaki. Fundi asiyefanya hivyo huwa na mteja yule yule mara mbili kwa siku moja.

Adui wa fundi wa Tanga, au pengine rafiki yake, ni chumvi. Upepo wa bahari unakula spoki, unakula rimu, unagandisha nati. Baiskeli inayolala nje Raskazone haiishi sawa na iliyolala nje Dodoma. Wanaojua hufuta mnyororo kwa kitambaa kila wiki na kuutia tone la mafuta ya cherehani, na mara moja kwa mwaka, masika yakiisha, hupeleka gurudumu lifunguliwe, gololi zioshwe kwa mafuta ya taa na kupakwa grisi mpya. Matengenezo ya mwaka mzima ya baiskeli bado ni nafuu mno ukilinganisha na petroli ya bodaboda ya mwezi mmoja.

Hapo tumeitaja bodaboda, na haikwepeki. Inachekesha kidogo kwamba biashara hiyo ilianza kwa baiskeli: Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, vijana walivusha abiria na mizigo yao kati ya kituo kimoja cha forodha na kingine, juu ya keria iliyoshonewa godoro dogo. Pikipiki za bei nafuu zilipoingia, baiskeli ya abiria ilisukumwa pembeni Busia, Kisumu na kwingineko. Tanga nako kijana akimaliza shule anaitazama pikipiki ya mkataba. Anapewa chombo, analeta hesabu kwa bosi kila siku, na baada ya muda waliokubaliana pikipiki inakuwa yake, kama haijaibwa, haijagongwa na hajashindwa hesabu katikati. Hakuna haja ya kumlaumu. Pikipiki inaleta fedha ya leo. Lakini mtu anayepanda bodaboda mara mbili kila siku kwenda mahali pa kilometa 3, na kurudi akisema maisha ni magumu, anaweza kukaa chini na kalamu akapiga hesabu yake mwenyewe.

Tuje kwenye shughuli za pamoja, misafara na mbio. Mwezi Aprili 2018, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliamua kwamba Juni 3 iwe Siku ya Baiskeli Duniani. Tangu hapo, katika miji mingi ya Afrika Mashariki tarehe hiyo ikikaribia huonekana fulana mpya, bango, mgeni rasmi, na mzunguko wa kilometa kadhaa nyuma ya gari la polisi. Ni jambo la furaha na watoto hulipenda. Shida ni kwamba muuza maji mwenye madumu manne mara nyingi hayumo kwenye msafara. Yuko kazini, na msafara unampita. Fulana zinavaliwa na watu ambao baadhi yao wamekuja na baiskeli juu ya gari. Msafara wa namna hiyo unatangaza baiskeli kwa wasioitumia, na kwa aliyeitumia jana na atakayeitumia kesho haubadilishi hata mtaro mmoja.

Kuna waliojaribu njia nyingine. Dar es Salaam uko UWABA, umoja wa waendesha baiskeli, ambao kwa miaka mingi umekuwa ukiandaa msafara wa kila mwaka, lakini wenye dai: njia salama, na kuketi na wapangaji wa barabara. Mabasi yaendayo haraka yalipoanza kazi Mei 2016, Barabara ya Morogoro ilikuwa na njia za baiskeli pembeni. Kilichofuata kila mkazi wa Dar anakijua: meza za wachuuzi, bodaboda zinazokwepa foleni, gari lililoegeshwa "dakika moja tu". Njia iliyochorwa kisha haikulindwa ni rangi iliyomwagwa bure. Kigali nako, mji wa vilima ambao kunyonga kwake si mchezo, tangu mwaka 2016 hufunga baadhi ya barabara Jumapili asubuhi, siku hizi mara mbili kwa mwezi, watu wakatembea, wakakimbia na kuendesha baiskeli bila magari. Na Septemba 2025 mji huo huo ukawa wa kwanza Afrika kuandaa mashindano ya dunia ya mbio za baiskeli barabarani, Tadej Pogačar wa Slovenia akiondoka na ubingwa wa wanaume. Fahari kubwa, ingawa baiskeli ya Pogačar haina keria.

Hadithi ambayo ingewafaa watu wa Tanga zaidi iko mbali kidogo, Davis, mji mdogo wa chuo kikuu katika jimbo la California, Marekani. Nao ni tambarare, nao una joto. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 baiskeli zilikuwa nyingi, kwa sababu mkuu wa chuo, Emil Mrak, alitaka kampasi inayopitika kwa baiskeli, lakini nje ya geti magari yalikuwa yakiongezeka na wanafunzi wakibanwa ukingoni. Mwaka 1963 mhadhiri wa uchumi, Frank Child, alikaa na familia yake The Hague, Uholanzi, kwa muda wa majira ya joto, wakawa wanakwenda kila mahali kwa baiskeli kwenye njia zilizotengwa. Waliporudi Davis wakauliza kwa nini kwao haiwezekani. Child na wenzake, akiwemo mhadhiri wa saikolojia Dale Lott na wake zao wote wawili, waliandika barua gazetini, wakapita na karatasi ya saini, wakaenda kwenye baraza la mji. Baraza halikutaka kusikia.

Hapa ndipo walipofanya jambo la maana. Hawakuandaa msafara mwingine. Mwaka 1966 ulikuwa wa uchaguzi wa baraza, wakaifanya njia ya baiskeli kuwa swali la kura, na wagombea waliounga mkono wakashinda. Mwaka 1967 Davis ikachora njia za baiskeli barabarani, za kwanza nchini Marekani. Na hawakuchora aina moja tu. Walijaribu njia iliyo kati ya magari yaliyoegeshwa na barabara, wakajaribu iliyofichwa nyuma ya magari hayo karibu na kibaraza, wakajaribu iliyotengwa kabisa, kisha Lott na wenzake wakachunguza ni ipi inafanya kazi. Waligundua kwamba ile iliyofichwa ilikuwa na matatizo kwenye makutano, dereva anayekata kona hamwoni mnyonga baiskeli hadi amemfikia. Mji wa watu wasiofika 30,000 ukawafundisha wahandisi wa nchi nzima.

Davis haikubaki kileleni bila kushuka, na hilo nalo ni la kusikilizwa. Kuelekea mwaka 1980 zaidi ya robo ya wafanyakazi wake walikwenda kazini kwa baiskeli. Miaka ya 1990 sehemu hiyo ilipungua sana, kwa kuwa wakazi wapya walikuwa wanafanya kazi Sacramento na kwingine mbali, na baraza lilikuwa limeacha kuipa baiskeli kipaumbele. Ikabidi waanze tena kushughulika.

Tofauti ya Tanga na Davis ni kwamba Tanga haina haja ya kuwashawishi watu wanyonge. Wananyonga. Kinachokosekana ni barabara kuwatambua. Kuanzia mwaka 2010, mradi wa miji ya kimkakati uliofadhiliwa na Benki ya Dunia uliweka lami na taa za barabarani katika miji kadhaa, Tanga ikiwemo, na ni kazi iliyoonekana. Usiku wenye taa ni nusu ya usalama wa mtu wa baiskeli. Kaskazini, barabara ya Horohoro ya kilometa 65 ilijengwa kwa fedha za Marekani, laini hadi mpakani. Lakini lami nzuri huleta mwendo. Mwendo wa juu katika maeneo ya makazi Tanzania ni kilometa 50 kwa saa, na anayesimama ukingoni mwa barabara kuu yoyote jioni anajua ni madereva wangapi wanaujali. Ukingoni huko huko ndiko aliko mwenye baiskeli: kushoto kwake mtaro wa zege ulio wazi, kulia kwake kioo cha pembeni cha basi.

Zamani halmashauri zilitoza ushuru wa baiskeli, hadi kodi zile zenye kero zilipofutwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Hakuna anayetaka urudi. Ila ushuru ule ulikuwa na faida moja ya ajabu: uliilazimisha halmashauri kuzihesabu baiskeli. Leo mhandisi anapopanga upana wa barabara anahesabu magari yanayopita. Kama karani wa kuhesabu hana safu ya baiskeli kwenye fomu yake, mnyonga baiskeli hayupo, hata awe wa mia tano kupita asubuhi hiyo.

Basi klabu ya baiskeli ya Tanga, iliyopo au itakayoundwa, ina kazi nyepesi ya kuanza nayo. Iwapeleke vijana 4 wenye madaftari kwenye makutano mawili, kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 3, wahesabu: wanaume, wanawake, wanafunzi, wenye mizigo. Iongeze mafundi kwenye hesabu hiyo, maana fundi anajua ni kona gani inamletea rimu zilizopinda, na rimu iliyopinda ni ramani ya mashimo. Karatasi hiyo ipelekwe kwenye mkutano wa mtaa, kisha kwa diwani. Barabara za mjini ni za TARURA, wakala ulioanza kazi mwaka 2017, na barabara kuu ni za TANROADS, kwa hiyo nakala ziwe mbili, vinginevyo kila ofisi itaielekeza nyingine. Na dai liwe fupi, la kuandikika kwenye ukurasa mmoja: mita 1.5 ya bega la barabara lililotenganishwa kwa kitu kigumu, mifuniko ya mitaro kwenye kona, matuta mbele ya shule, na vyuma vya kufungia baiskeli sokoni na Kange, mahali ambapo mlinzi anaviona.